Monita mpya iwashwe mbele ya mnunuzi kabla ya kulipiwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nieleze jambo ambalo sisi mafundi wa kompyuta hukutana nalo mara kwa mara, lakini ambalo halijadiliwi hadharani kwa kuwa kila linayemfika hudhani ni bahati yake mbaya peke yake. Nazungumzia monita mpya, iliyotolewa kwenye boksi ambalo gundi yake ya kiwandani haijaguswa, ambayo mnunuzi anaifikisha nyumbani au ofisini, anaiwasha, kisha anakuta nukta ya kijani isiyozimika katikati ya kioo, au nukta nyeusi isiyowaka, au mstari mwembamba uliosimama kutoka juu hadi chini, au kona moja inayong'aa wakati picha nzima ni nyeusi. Akirudi dukani anaonyeshwa maneno yaliyochapwa chini ya risiti, kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, na mazungumzo yanaishia hapo.

Siombi maduka yafidie kila kasoro ndogo, kwa kuwa kiwanda chenyewe hakiahidi kioo kisicho na kasoro hata moja. Naomba monita iwashwe na kukaguliwa mbele ya mnunuzi kabla fedha hazijamtoka mkononi, na idadi ya kasoro ambazo kiwanda kinazihesabu kuwa za kawaida ielezwe kwa Kiswahili pale pale dukani, ili mnunuzi asiisikie kwa mara ya kwanza siku anayorudi na malalamiko.

Msomaji asiye fundi anaweza kujiuliza inakuwaje kitu kipya kitoke kiwandani kikiwa na kasoro. Monita ya inchi 24 iliyoandikwa Full HD, ambayo ndiyo iliyozagaa madukani kwetu, ina pikseli, yaani nukta ndogo zinazounda picha, 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, yaani pikseli 2,073,600 kwa jumla. Kila pikseli imegawanyika katika vipande vitatu, chekundu, cha kijani na cha bluu, na kila kipande kina transista yake, yaani swichi ndogo ya umeme, iliyotandazwa juu ya kioo, hivyo tunazungumzia transista zaidi ya milioni sita katika bidhaa moja ambayo mtu huibeba kwapani. Nyuma ya kioo taa za LED huwaka muda wote, na kazi ya fuwele za kimiminika zilizo katikati ni kupitisha mwanga huo au kuuzuia, kulingana na umeme unaoletwa na transista. Chembe moja ya vumbi ikianguka wakati tabaka zinapotandazwa, transista moja hukatika au huungana na jirani yake, na kipande kile hubaki wazi au hubaki kimefungwa kwa maisha yote ya monita. Katika vioo vya aina ya TN, ambavyo hupitisha mwanga pasipo umeme, kipande ambacho transista yake imekufa kwa kawaida huonekana kikiwaka; katika vioo vya IPS na VA, ambavyo huzuia mwanga pasipo umeme, huonekana cheusi. Ndiyo maana monita mbili zilizopata ajali ile ile kiwandani zinaweza kumkera mnunuzi kwa namna mbili tofauti kabisa.

Hakuna kiwanda kinachotupa kila kioo chenye kipande kimoja kilichokufa, kwa sababu bei ya vinavyobaki ingepanda kiasi ambacho wengi wetu tusingeimudu. Hilo nalikubali bila ubishi. Kwa hiyo vioo hupangwa kwa madaraja, na mwaka 2001 Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, lilitoa kiwango namba 13406-2 kilichoweka madaraja manne ya skrini bapa. Mwaka 2008 nafasi yake ilichukuliwa na mfululizo wa ISO 9241, hasa sehemu yake ya 307. Katika kiwango kile cha 2001, daraja la kwanza halikuruhusu kasoro yoyote. Daraja la pili, ambalo ndilo watengenezaji wengi wamezoea kulitaja, liliruhusu, kwa kila pikseli milioni moja, pikseli mbili zinazowaka daima, pikseli mbili zisizowaka kabisa, na vipande vitano vya rangi vilivyokwama. Daraja la tatu liliruhusu tano, 15 na 50 kwa mpangilio huo huo, na daraja la nne likafika 50, 150 na 500.

Naomba msomaji aifanye hesabu hii pamoja nami, kwa maana humo ndimo ugomvi wa dukani unamozaliwa. Monita ya Full HD ina pikseli zaidi kidogo ya milioni mbili, kwa hiyo kwa daraja la pili inaruhusiwa takriban pikseli nne zinazowaka daima, nne zilizokufa, na vipande kumi vya rangi vilivyokwama, na bado ikahesabiwa kuwa nzima. Monita ya 4K ina pikseli 8,294,400, kwa hiyo inaruhusiwa takriban 16, 16 na 41. Aliyejinyima akanunua monita ya bei kubwa zaidi ndiye anayeruhusiwa kuuziwa nukta nyingi zaidi, na karani wa waranti atamjibu bila kuona haya kwamba kioo chake kiko ndani ya kiwango. Ni kweli kwamba pikseli za 4K ni ndogo zaidi, na nukta moja haionekani kirahisi. Lakini nukta nyeupe 16 kwenye picha nyeusi hazihitaji miwani.

Zipo kampuni zinazotoa ahadi iliyo bora kuliko hiyo. Dell, kwa mfano, kwa miaka mingi imekuwa ikitangaza kwamba monita zake za UltraSharp zitabadilishwa ndani ya muda wa waranti hata ikionekana pikseli moja tu inayowaka daima, ingawa masharti hutofautiana kati ya nchi na nchi na pikseli nyeusi huhesabiwa kivingine. Naitaja ahadi hiyo kwa sababu inathibitisha kwamba jambo hili linaweza kuandikwa kwa maneno machache yanayoeleweka. Lakini mnunuzi wa Kariakoo anayeweka monita mbili mezani, moja yenye ahadi hiyo na nyingine isiyo nayo, haoni tofauti yoyote isipokuwa bei, maana hakuna aliyemwambia, na kwenye boksi hakuna neno la Kiswahili.

Nitatoa mfano mmoja bila kulitaja duka. Mama mmoja ninayemhudumia ana ofisi ya kusanifu na kuchapa kadi za harusi na michango. Alinunua monita mpya, akaniita niifunge, na kabla sijamaliza kupanga nyaya alikuwa ameshaona nukta nyekundu upande wa kulia, karibu na mahali ambapo majina ya wazazi hukaa kwenye kadi zake. Mwanzoni alidhani ni alama iliyoachwa kwenye kazi, akawa anaifuta kwenye programu, na kila akifuta ilikuwa pale pale. Tuliirudisha dukani siku hiyo hiyo. Kijana wa kaunta aliitazama kwa adabu, akasema, "Mama, hiyo utaizoea tu, wala haionekani ukikaa mbali kidogo." Yule mama akamjibu, "Mwanangu, mimi silipwi kwa kukaa mbali." Kijana alicheka, sisi tukacheka, lakini monita haikubadilishwa. Tulionyeshwa maneno ya chini ya risiti, kisha tukaambiwa kwamba kwa kuwa boksi limeshafunguliwa haliwezi kurudi kwa aliyewauzia wao.

Jibu hilo la mwisho halikuwa la uongo, na hapa nataka kuwatendea haki wafanyabiashara. Duka dogo la Kariakoo mara nyingi limenunua kwa mwagizaji, naye amenunua Dubai au China kwa mtu ambaye hahusiki na waranti ya kiwanda katika nchi yetu. Waranti nyingine hufanya kazi katika nchi au kanda iliyokusudiwa tu, hivyo monita iliyopitia mlango wa pembeni inafika hapa ikiwa yatima. Mwenye duka akiipokea kutoka kwa mteja, hasara yote inamwangukia yeye, na boksi lililofunguliwa linamlazimu kushusha bei. Namwelewa. Lakini kuuza boksi lililofungwa kisha kumwachia mnunuzi balaa lote lililomo ndani hakuondoi hasara, kunaihamisha tu kutoka kwa mtu anayeuza monita nyingi kwa mwaka kwenda kwa mtu anayenunua moja katika miaka kadhaa.

Wala si desturi ngeni ninayoiomba. Muuza duka la vifaa vya umeme anapouza balbu ya bei ndogo kabisa, huichomeka kwenye soketi iliyofungwa mezani, ikawaka mbele ya macho yako, ndipo anaifunga na kukupa. Hakuna anayeona kuwa amedharauliwa, na hakuna anayesema kwamba balbu iliyowashwa imekuwa mtumba. Iweje kitu cha maelfu ya shilingi kijaribiwe na cha laki kadhaa kikatazwe kufunguliwa?

Ukaguzi wenyewe hauchukui muda mrefu, na mtu yeyote anaweza kuufanya akiwa na kompyuta mpakato, waya wa HDMI, na picha tano alizozihifadhi kwenye flashi: moja nyeusi tupu, moja nyeupe tupu, moja nyekundu, moja ya kijani na moja ya bluu, zote zikiwa za ukubwa wa kujaza kioo kizima. Picha hizo hutengenezwa kwa dakika chache katika programu yoyote ya kuchorea. Kwanza kioo kifutwe kwa kitambaa laini kikavu, kwa maana vumbi la juu limewagombanisha watu bure. Picha nyeusi itafichua pikseli zinazowaka daima; picha nyeupe itafichua zilizokufa; na picha za rangi zitafichua vipande vilivyokufa kimoja kimoja, kwa mfano pikseli ambayo kipande chake chekundu hakifanyi kazi itaonekana kama tundu jeusi kwenye picha nyekundu huku kwenye picha ya bluu ikionekana haina neno. Mkaguzi asogeze macho taratibu kutoka kona hadi kona, kwa kuwa pikseli moja ya monita ya inchi 24 ina upana wa takriban milimita 0.28 tu, na macho yaliyozoea mwanga wa jua la nje huhitaji muda kidogo kutulia.

Kuna mambo ambayo yakionekana mnunuzi asigombane na mtu. Akitumia waya wa zamani wa VGA, maandishi yanaweza kuonekana yamefifia au yana kivuli, na hilo si kosa la kioo. Aunganishe kwa HDMI na kuweka ukubwa wa picha unaolingana na idadi ya pikseli za monita ndipo ahukumu. Vivyo hivyo, kwenye vioo vya IPS kuna weupe hafifu unaotokea kwenye kona ukitazama picha nyeusi gizani, ambao hubadilika kadiri unavyosogeza kichwa. Hiyo ni tabia ya kioo cha aina hiyo. Mwanga unaovuja ni kitu kingine. Huo hukaa pale pale hata ukihama, kwa kawaida ukingoni, kwa sababu fremu imebana kioo vibaya au imeachia, na dukani huonekana kwa shida kwa kuwa taa ni nyingi, hivyo inafaa kuzima baadhi ya taa au kuikinga monita kwa boksi lake lenyewe. Vumbi lililonaswa ndani, kati ya tabaka, nalo huwapotosha wengi: huonekana kama doa la kijivu lenye kingo zilizofifia, ilhali pikseli iliyokufa ina kingo kali na haizidi ukubwa wake. Mwenye duka hawezi kuliondoa doa hilo kwa kitambaa, wala fundi asijaribu kufungua kioo kipya kwa ajili yake, maana atakuwa amekata tawi la waranti alilokalia mteja.

Mstari uliosimama au kulala ni habari nyingine kabisa, na hapa nasema bila kumung'unya maneno. Mstari hautokani na pikseli moja, bali aghalabu na utepe mwembamba unaoleta ishara kwenye ukingo wa kioo, ambao umeachia mahali ulipobandikwa. Wapo wanaobonyeza ukingo, mstari ukapotea, wakauza, utarudi. Kubandika upya utepe huo kunahitaji mashine ambayo karakana za kawaida hazina, na mstari hauhesabiwi katika zile pikseli mbili au tano za kiwango cha ISO. Monita mpya yenye mstari ibadilishwe, basi.

Ubishi mkali zaidi huwa juu ya kioo kilichopasuka kwa ndani. Juu unaweza kupitisha kidole ukakuta ni laini, lakini ukiwasha unaona doa jeusi kama wino na nyufa zinazotawanyika kutoka sehemu moja. Hiyo ni ajali ya kubanwa au kugongwa, waranti za viwanda karibu zote huikataa, na duka husema imetokea mikononi mwa mnunuzi. Mara nyingine duka linasema kweli: monita imebebwa kwenye bodaboda, imelazwa kati ya dereva na abiria, goti likiikandamiza kila inapofikiwa tuta. Mara nyingine ilipasuka tangu kwenye kontena. Pasipo kuiwasha dukani hakuna anayeweza kujua, na ndiyo maana nasema ukaguzi unamlinda muuzaji sawasawa na unavyomlinda mnunuzi, kwa kuwa akishaona kioo kinawaka kizima na kusaini, lawama ya njiani inakuwa yake. Asafirishe boksi likiwa limesimama.

Nigusie pia dawa za mitaani. Zipo programu zinazobadilisha rangi kwa kasi kubwa juu ya nukta iliyokwama, na kwa uzoefu wetu baadhi ya nukta za rangi huzinduka kwa njia hiyo, ingawa nyeusi zilizokufa hazifufuki. Mwenye kifafa asikae mbele ya kioo kinachomweka namna hiyo. Kusugua kwa kidole au kifuniko cha kalamu, ambako wengi wamefundishana, huweza kuua jirani za ile nukta, na alama ya kubonyeza ikionekana waranti imekwisha. Kwa vyovyote, mtu atoe taarifa dukani kwa maandishi kwanza, ndipo ajaribu, maana kila siku anayoipoteza akihangaika na programu inahesabiwa dhidi yake.

Kuhusu sheria, mimi si mwanasheria, lakini Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasomeka na mtu yeyote mwenye subira. Tuliirithi kutoka sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, na inaweka sharti kwamba bidhaa inayonunuliwa kwa maelezo, kutoka kwa mtu ambaye kazi yake ni kuuza bidhaa za aina hiyo, iwe na ubora wa kuuzika. Inaendelea kusema kwamba mnunuzi ambaye hakuikagua bidhaa kabla hahesabiwi kuwa ameipokea mpaka apate nafasi inayofaa ya kuikagua. Lakini inasema pia kwamba akiwa ameikagua, hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua. Laiti wenye maduka wangekisoma kifungu hicho, wangekuwa wa kwanza kufungua maboksi! Kwa kukataa kuifungua monita, duka linajinyima kinga ambayo sheria imeliwekea, kisha linajificha nyuma ya mstari mmoja wa risiti ambao mnunuzi anausoma baada ya kulipa. Sioni namna maneno yanayosomwa baada ya malipo yanavyoweza kuwa sehemu ya makubaliano yaliyofanyika kabla yake.

Waingereza wenyewe, tuliowarithi, hawakubaki mwaka 1893. Tangu mwaka 2015 sheria yao ya haki za mlaji inampa mnunuzi siku 30 za kukataa bidhaa yenye kasoro na kurudishiwa fedha zake. Jirani zetu wa Kenya waliandika katika Katiba yao ya mwaka 2010, ibara ya 46, kwamba mlaji ana haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa pamoja na taarifa zinazohitajika ili anufaike nazo. Sisi tunayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na Tume ya Ushindani inayoisimamia, na kumlinda mlaji ni sehemu ya kazi yake. Lakini Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa inazungumzia nafasi "inayofaa" bila kutaja siku, na katika pengo hilo ndimo kila duka linapojitungia yake: wengine siku tatu, wengine saa ishirini na nne, wengine mpaka mlangoni tu.

Ofisi za umma na shule nazo zisijione ziko nje ya jambo hili, na pengine ndizo zinazopoteza zaidi. Nimeshuhudia mapokezi ya kompyuta ambapo kamati ya ukaguzi ilihesabu maboksi, ikalinganisha idadi na hati ya kupelekea mzigo, ikasaini, na maboksi yakaingia stoo kusubiri chumba kikamilike. Waranti ya mwaka mmoja mara nyingi huhesabiwa tangu tarehe ya ankara, haisubiri siku ya kuwasha. Chumba kikichelewa, monita zinafunguliwa waranti ikiwa imekwisha au inapumulia mashine, na zenye mistari zinawekwa pembeni kama vyuma chakavu ambavyo hakuna aliyevitumia hata saa moja. Kamati inayosaini kwamba imekagua monita bila kuichomeka kwenye umeme imekagua karatasi ngumu tu. Wajumbe wadai soketi na kompyuta moja ya kupimia siku ya mapokezi, na mkataba useme waziwazi ni pikseli ngapi zinazokubalika na kwamba mistari, nyufa na mwanga unaovuja havikubaliki kabisa.

Nalo suala la risiti linahitaji neno. Risiti za EFD, yaani mashine za risiti za kodi, huchapwa bila wino kwenye karatasi inayobadilika rangi kwa joto, na kwa hali ya hewa ya pwani, ikikaa kwenye droo au kwenye gari, maandishi hufifia kabla mwaka haujaisha, na mtu anabaki na karatasi nyeupe isiyothibitisha kitu. Piga picha risiti siku hiyo hiyo, pamoja na namba ya utambulisho na mwezi wa kutengenezwa vilivyo kwenye lebo ya nyuma ya monita. Lebo hiyo ina faida nyingine: monita inayouzwa kuwa mpya ilhali imetengenezwa miaka mingi iliyopita inastahili kuulizwa ilikuwa wapi muda wote huo, maana mitumba iliyosafishwa na kurudishwa kwenye maboksi nayo imo sokoni.

Kwa hiyo naiomba Tume ya Ushindani iwaeleze wafanyabiashara na wanunuzi, kwa tangazo la wazi, uzito wa maneno "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" pale ambapo bidhaa ina kasoro iliyotoka nayo kiwandani. Naliomba Shirika la Viwango Tanzania lifikirie kuwataka waagizaji wa monita wabandike kwenye boksi karatasi ya Kiswahili inayotaja daraja la kioo na idadi ya pikseli zinazoruhusiwa. Na jumuiya za wafanyabiashara zinaweza kuanza kesho bila kusubiri mtu, kwa kuweka kwenye kila duka meza moja yenye soketi, waya na kompyuta, na kwa kuandika kwenye risiti au karatasi ya waranti maneno ya aina hii: "Monita hii imewashwa na kukaguliwa mbele ya mnunuzi kwa picha nyeusi, nyeupe, nyekundu, kijani na bluu. Pikseli zenye hitilafu zilizoonekana ni … na mnunuzi amezikubali. Mstari au mwanga unaovuja ukitokea ndani ya siku … tangu tarehe ya risiti, duka litaibadilisha." Nafasi hizo mbili zijazwe kwa kalamu kabla ya malipo, muuzaji na mnunuzi wasaini, kila mmoja abaki na nakala yake.

Fundi wa kompyuta,
Ilala, Dar es Salaam.